Majani ya vinka hayachukui nafasi ya dripu

Dada, umeuliza kama mama yako, aliyeanza dripu za paklitakseli kwa saratani ya matiti, anaweza kuziacha na kunywa majani ya vinka yaliyochemshwa, kwa kuwa jirani amewaambia kwamba hata dawa za hospitali hutokana na mimea.

Kuhusu asili, jirani hakukosea. Paklitakseli ilipatikana kwanza katika gome la mti wa porini huko magharibi mwa Marekani, na vinka, ua dogo la waridi lenye asili ya Madagaska ambalo wengi wetu tumelipanda mbele ya nyumba, hutoa vinkristini, dawa inayotibu saratani ya damu ya watoto na limfoma ya Burkitt, yaani aina ya saratani ya tezi za limfu. Shida iko kwenye kipimo. Gramu 1 ya vinkristini huhitaji mamia ya kilo za majani makavu, na mgonjwa huchomwa takriban miligramu 2 tu kwa mara moja, kupitia mshipa wa damu. Sufuria ya majani, kwa upande wake, ina kemikali nyingi ambazo hakuna aliyezipima, zikiwemo zinazoweza kushusha sukari na kudhuru neva, ilhali paklitakseli yenyewe huleta ganzi vidoleni.

Kwa hiyo dripu zisikatizwe. Kama mama ameshayanywa, mwambieni daktari bila kuficha, mkibeba hayo majani kwenye mfuko, na akipata homa wakati wowote wa tiba, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.