ABC anaimba yote lakini hasomi: nianze na nini?

Mleta mada anasema binti yake ana miaka mitano, yuko mwaka wa mwisho wa nasari, anaimba ABC mwanzo hadi mwisho, ila ukimwandikia "mama" anakodoa macho tu. Anauliza aanze na herufi, silabi au maneno mazima, na kwa Kiswahili cha nyumbani au Kiingereza cha shule.

Dada, nimefundisha P1 (darasa la kwanza) hapa Jinja, Uganda, miaka mingi, na wanangu nimewafundisha mwenyewe. Anza na silabi, kwa lugha ile anayoitumia kugombana na ndugu zake. Ule wimbo uweke kando kwa sasa maana ndio unaomvuruga. Kwenye wimbo A ni "ei", E ni "ii", I ni "ai". Mtoto akikutana na "meza" anasoma "miza", mnasema hashiki, kumbe ameshika vizuri sana alichoimbishwa.

Mpe a, e, i, o, u kwa sauti zake za Kiswahili na usihame hapo mpaka ukiandika yoyote aitamke papo hapo. Irabu peke yake tayari zina maneno: ua, oa, au. Ongeza m, unapata mimi, mama, mia, maua, umia. Herufi sita tu na mtoto anasoma! Baada ya hapo mimi huleta l, t, k, s. Herufi b na d nazitenganisha kwa wiki kadhaa, kwa sababu zikija pamoja watoto huzigeuza.

Ubaya wa silabi ni kukariri. Darasa zima litaimba ba be bi bo bu huku macho yako dirishani. Kwa hilo natumia vifuniko vya soda: kila kifuniko silabi moja, unavivuruga, unamwambia atafute "mu", halafu aunge maneno. Aweke "lima", kisha ageuze apate "mali". Kata, taka. Mtoto aliyekariri hukwama hapo, anayesoma hucheka.

Kuandika kusingoje amalize kusoma. Aanze kwa kidole mchangani, aende kwenye chaki sakafuni, penseli baadaye, vidole vikishakomaa kidogo. Zile kurasa za kujaza "a a a a" mstari hadi mstari wazazi wanazipenda kwa sababu daftari linaonekana limefanya kazi. Mimi sizipendi. Mwache akuandikie vitu vya kununua dukani. Akiandika "chuvi" usichukue kalamu nyekundu, mwambie aisome polepole kwa sauti. Wengi hukosa m na n zinazobanwa katikati ya neno, na wakijisikia wenyewe wanairudisha.

Kama nyumbani mnaongea Luganda pia, tegemea "mbiri" na "kirima". Luganda huandika r baada ya e na i, kwingine l, kwa hiyo mtoto anafuata kanuni ya lugha nyingine. Mpe jozi kama kula na kura, kalamu na karamu, zitamnyoosha. Na anayekwenda madrasa akianza kuandika kutoka kulia siku moja moja, msikimbilie hospitali. Tena wale wa madrasa huwa wepesi wa silabi, wameshazoea konsonanti kupewa irabu yake.

Kuhusu shule: mtaala wa mada (thematic curriculum, masomo yamepangwa kwa mada) ulioanza 2007 unataka P1 hadi P3 wasome kwa lugha ya eneo, P4 iwe mwaka wa kuvukia Kiingereza. Shule nyingi za binafsi mijini ni Kiingereza tangu nasari, na intavyu ya P1 vilevile, ndiyo maana wazazi wanapaniki. Kiswahili nacho baraza la mawaziri lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, lakini usisubiri hilo limfikie binti yako darasani.

Akishasoma sentensi fupi ya Kiswahili, mletee Kiingereza kwa sauti, siyo kwa majina ya herufi. Ukianza na s, a, t, i, p, n unapata sat, pin, tap, nap. Mwambie wazi kwamba Kiingereza kina sauti zake. Maneno mazima yana kazi hapa, maana "the", "said" na "one" hayasomeki kwa kuunganisha, hayo akariri tu yalivyo.

Robo saa jioni inatosha, kabla ya chakula, akishashiba anasinzia. Mfululizo kama mb, nd, ny uje baadaye, ng na ng' mwisho kabisa. Na ikiwa muhula mzima umepita na bado a na u zinampotea, apimwe macho na masikio kabla hujalipia kochingi.