Ipambe blogu yako, lakini jiachie njia ya kurudi

Mwaka 2019 nilikaa wiki mbili nzima nikiipamba blogu yangu ya mapishi ya pwani. Vichwa vya habari nikavipa manjano ya binzari, herufi nikazikuza ili wazee wasome bila miwani, na maneno yote ya Kiingereza yaliyokuja na themu, yaani vazi linaloipa blogu mwonekano wake, nikayageuza Kiswahili. Natumia WordPress, programu ya kuendeshea blogu, na kazi yote hiyo niliifanya kwa kuyafungua mafaili ya themu yenyewe na kuandika humo humo. Miezi mitatu baadaye likaja tangazo kwamba themu ina toleo jipya. Nikabonyeza. Sekunde chache tu, blogu ikarudi ilivyokuwa siku ya kwanza, bluu na Kiingereza kila kona. Nakala sikuwa nayo hata moja, na usiku ule nililia.

Ukisasisha themu, folda yake ya zamani hufutwa na kuwekwa mpya. Ulichoandika ndani kinakwenda nayo. Tangu siku ile, kabla sijagusa chochote najiuliza kwanza: badiliko hili litakaa wapi?

Rangi na ukubwa wa herufi viandike kwenye sehemu ya CSS ya ziada (CSS ni lugha ya kupangia mwonekano wa ukurasa), ndani ya mipangilio ya mwonekano. Hiyo huhifadhiwa kwenye hifadhidata, ghala la maneno na mipangilio ya blogu, kwa hiyo toleo jipya haliigusi. Ila ukihamia themu nyingine kabisa haitakufuata, basi inakili pembeni. Ukitaka kubadilisha zaidi ya hapo, tengeneza themu mtoto, inayorithi themu yako na kuyabeba mabadiliko yako pembeni. Jina linatisha kuliko kazi yenyewe: ni folda yenye faili la style.css, na juu ya faili hilo kuna mstari wa Template unaotaja folda ya themu mama. Mama akisasishwa, mtoto habanduki.

Kuhusu Kiswahili, tafadhali usikiache. Msomaji akimaliza makala yako nzuri kisha akakuta vitufe vya Kiingereza, anahisi yuko nyumba ya watu. Mimi natumia Loco Translate, plagini (programu ndogo ya kuongezea kwenye WordPress) ya kutafsiri. Inapokuuliza uhifadhi wapi tafsiri, chagua folda ya Loco yenyewe, usichague ya themu, au yatakukuta yaliyonikuta.

Sasa picha, na hapa nawaomba tusimame kidogo. Shangazi yangu yuko Pangani, anasoma kwa simu ndogo na bando la kupimia. Siku moja alinipigia: "Mwanangu, ule mkate wa kumimina umenimalizia bando, na mchele wenyewe sijauona ukilowekwa." Nikaufungua ukurasa. Picha nane, nilizoziweka kama zilivyotoka kwenye simu, kila moja inakaribia MB 4. Nilikuwa namtoza shangazi pesa ili asome mapishi aliyonifundisha yeye!

Nikazipunguza uzito moja moja kwa Squoosh, zana ya kubana picha ambayo hufanya kazi ndani ya kivinjari: upana piseli 1200, umbo la WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), ubora 75. Kila picha ikabaki kama KB 150, zote nane kama MB 1.2. Ule mvuke wa iliki na tui juu ya mkate bado unauona. Kama blogu yako inasomwa kwa simu, anza na kazi hii hata kabla ya rangi.

Bakapu, yaani nakala ya akiba, ina nusu mbili, na wengi huchukua moja. Picha zako zimo kwenye folda ya uploads, lakini makala zenyewe zimo kwenye hifadhidata. Ukipakua folda peke yake, umebeba picha bila maneno. Mimi nimeiweka UpdraftPlus, plagini ya bakapu, ipeleke vyote viwili Google Drive kila wiki, maana bakapu iliyo kwenye seva ile ile, kompyuta inayobeba blogu yako, itazama pamoja na tovuti. Na ijaribu: irudishe kwenye tovuti ya majaribio uone inafunguka.

Siku ya kusasisha natoa bakapu kwanza, kisha plagini moja baada ya nyingine, nikiifungua blogu kwenye simu kila baada ya moja. Ukurasa ukiwa mweupe, usiingiwe na hofu. Ingia kwenye mafaili ya tovuti kule kwenye seva, ibadilishe jina folda ya plugins, kisha ufungue ukurasa wa plagini ndani ya WordPress, zote zitazimika; irudishie jina lake, kisha washa moja moja mpaka umpate mkorofi. Plagini usiyoitumia ifute kabisa, kuizima hakutoshi. Na zile themu za kulipia zinazogawiwa bure kwenye magrupu, usiziguse; nyingi zimefichwa msimbo wa wezi ndani.

Mwisho, jina la tovuti, ile anwani wanayoiandika watu ili wakufikie. Hakikisha barua pepe uliyolisajilia ni ile unayoifungua kila siku, na tarehe ya kulipia iandike kwenye kalenda mwezi mmoja kabla. Langu ni Machi, na pesa yake naiweka pembeni tangu Januari.