Maswali na majibu: Ndugu aliyeanguka na ndege ya vita

Swali: Kaka yake bibi alifia kwenye ndege ya jeshi la Uingereza, Vita Kuu ya Pili. Nina jina tu, na mwaka wenyewe ukoo unabishania. Nianzie wapi?

Jibu: Jina peke yake litakuchosha, maana akina Smith walikufa wengi. Unachosaka hasa ni tarehe na namba ya ndege. Anza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Orodha yake iko wazi mtandaoni, bure, na humo utakuta tarehe ya kifo, namba ya askari na mara nyingi kikosi chake. Kama hana kaburi linalojulikana, huenda jina lake limechongwa kwenye jengo la kumbukumbu la Runnymede, Uingereza, pamoja na wengine zaidi ya 20,000.

Ukishapata kikosi na tarehe, nenda kwenye madaftari ya vikosi yaliyoko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya Uingereza, Kew, London, mafaili yanayoanza na AIR 27. Ukurasa una safu: namba ya ndege, majina ya waliokuwemo, saa ya kuruka, saa ya kutua. Ndege isiyorudi, safu ya kutua haina kitu. Mimi hapo huwa nanyamaza kidogo. Halafu nanakili majina yote, si la ndugu yangu tu. Lancaster, ndege ya mabomu ya Uingereza, kwa kawaida ilibeba watu 7, na katika zile familia 6 nyingine huenda kuna barua au picha ambayo kwenu haikufika.

Swali: Babu alikuwa jeshi la anga la Marekani. Naambiwa faili lake liliungua. Ndiyo basi?

Jibu: Bado. Moto wa 1973 kwenye hifadhi ya kumbukumbu kule St. Louis uliteketeza mamilioni ya mafaili ya wanajeshi, lakini ripoti za ndege zilizopotea, zilizoanza kuandikwa 1943, zilinusurika. Zina majina ya waliokuwemo, namba za injini, hata za bunduki, na mara nyingi anwani ya ndugu wa karibu wa kila mmoja. Kwa anwani ya 1944 humpati mtu leo. Mji unaupata, na mji una magazeti ya zamani.

Swali: Tumepajua ilipoangukia, shambani huko Uingereza. Tuchimbe?

Jibu: Hapana, mpaka mpate leseni ya Wizara ya Ulinzi. Sheria ya 1986 inalinda mabaki ya ndege za kijeshi zilizoanguka huko, za Wajerumani pia. Ruhusa ya mwenye shamba haitoshi.

Swali: Nimempata mjukuu wa rubani. Kwetu husemwa rubani ndiye aliyewaua. Nimwandikie?

Jibu: Mwandikie, ila hilo liache kwenu. Barua ya kwanza iwe fupi: wewe ni nani, ndugu yako alikuwa na kazi gani ndani ya ndege, umeona hati gani. Picha ya kaburi usiitume mpaka aiombe. Na hiyo lawama, soma ripoti kwanza; mara nyingi rubani ndiye aliyebaki ameshikilia usukani ili wenzake waruke na miamvuli. Akijibu, muulize kwao walisimuliwa nini.