Rudisha hiyo spana ya watu kabla ya Jumamosi

Nilikuwa napita tu, sikuwa na nia ya kujibu mtu leo. Umesema choo chako hapo Umoja, Nairobi, kinapiga mluzi usiku kucha na maji hayakomi kuingia, fundi amekuitisha elfu nne, nawe umeamua kununua seti mpya ya ndani ya tangi uifunge mwenyewe Jumamosi. Mpaka hapo sina neno. Halafu ukaongeza, "spana nimeshaazima kwa jirani." Hapo ndipo nilipoweka kikombe cha chai chini.

Usitie spana kwenye ile nati ya plastiki. Usijaribu hata kidogo.

Mimi nilikuwa Kahawa West, ghorofa ya tatu, 2019. Choo kikaanza mluzi kama wako, hasa usiku nyumba ikitulia. Nikaenda mjini, duka moja pande za River Road, kijana wa kaunta akaniuzia seti ya 1,800. Nikamuuliza inafungwaje. Hakuinua hata macho kutoka kwenye simu: "Mkubwa, kaza mpaka ilie. Ikilia ujue imeshika." Kaza mpaka ilie! Natamani hata leo nimrudie nimuulize, iliyotakiwa kulia ni nati au ni mimi?

Chini ya tangi, pale maji yanapoingilia, kuna hiyo nati nyeupe. Juu yake, ndani ya tangi, kuna raba. Kinachozuia maji ni raba, nati kazi yake ni kuikandamiza tu ikae. Ukuta wa tangi lenyewe ni udongo uliochomwa, ndugu yangu, ni sahani ya chai iliyonenepa. Mimi nilikaza kwa mkono vizuri, nikafungulia maji, nikaona tone moja. Likakaa, likaanguka. Baada ya muda, lingine. Mtu mwenye akili angefungua aone kama raba imekaa upande au kuna uchafu chini yake. Mimi nikakumbuka shule ya River Road, nikachukua spana. Nikazungusha nusu mzunguko, nikasikia "tik", sauti ndogo tu kama ya mtu anayevunja njiti ya kiberiti.

Nikafurahi! Si imelia? Na tone likakoma kweli. Nikapiga picha nikatuma kwenye kundi la familia, shemeji akaandika "fundi wa nyumbani". Hiyo picha mpaka leo inarudishwa kila Krismasi.

Saa tisa usiku mlango unagongwa. Ni mama wa ghorofa ya pili, leso kichwani, anauliza kwa upole wa kutisha, "Jirani, mnaoga saa hii?" Ile "tik" ilikuwa ufa mwembamba kama unywele, na usiku ukajifungua. Sasa elewa jambo hili ndipo uogope sawasawa: tangi la choo likipasuka, hayamwagiki maji ya humo ndani tu. Maji yakishuka, boya linashuka nayo, vali ya kuingizia maji inadhani umetoka kujisaidia, inafungulia mengine. Yanaingia huku yanatokea kule, na hayakomi. Mwisho wake ni kuisha kwa tangi la juu ya paa, la ploti nzima, lita 10,000. Nikakimbilia koki ndogo ya ukutani, nikaikuta imegandia kwa chumvi kwa sababu tangu nihamie sikuwahi kuigusa. Nilishuka ngazi na taulo kumtafuta keyateka, msimamizi wa ploti. Sitaki maswali kuhusu hilo taulo.

Jumapili alfajiri, familia kumi na mbili hazina tone. Mgao wetu wa maji ulikuwa Alhamisi. Fanya hesabu nami: seti 1,800. Choo kizima kipya 14,500, maana tangi peke yake la kufanana na kile cha zamani sikulipata. Fundi 3,000. Dari ya mama wa chini 9,000. Boza la maji kuwatuliza majirani 6,000. Jumla 34,300, na wewe unalia na elfu nne.

Lakini kilichoniuma zaidi kilikuja mchana. Mzee aliyekuja kufunga choo kipya aliikuta seti yangu ya zamani kwenye ndoo ya taka. Akazungusha kile kifuniko cha juu cha vali, akatoa raba ndogo, akaigeuza kwenye kiganja. Punje ya mchanga, ndogo kuliko punje ya sukari. "Hii ndiyo ilikuwa inakuimbia," akasema. Tangi la paa likikauka wakati wa mgao, tope la chini linashuka na mabomba maji mapya yakija, na linakwama hapo. Vali haifungi kabisa, maji yanapenya kwa mluzi.

Kwa hivyo kabla hujanunua chochote: funga koki (ijaribu leo kama inazunguka!), vuta maji tangi liishe, fungua hicho kifuniko kwa mkono, suuza raba. Halafu funika vali kwa kikombe cha plastiki kilichopinduliwa, ukishikilie, fungulia koki sekunde chache maji yasukume uchafu nje. Usiposhika kikombe utaoga. Rudisha, sikiliza. Kama bado maji yanamwagikia kwenye lile bomba la katikati lililosimama, shusha boya mpaka yasimame kama sentimita 2.5 chini ya mdomo wake. Kama hayamwagikii hapo na bado yanapotea, tia rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute kwa nusu saa. Ukiona rangi bakulini, raba ya chini, inayozuia maji yasishuke bakulini, ndiyo imechoka. Hiyo ni habari nyingine, na haihitaji spana pia.

Na ukilazimika kufunga seti mpya, ni mkono. Mkono ukikataa, umefika. Ikidondosha, fungua, futa, kalisha raba tena, kaza kwa mkono. Kuna jamaa hapo juu amekwambia eti "robo mzunguko tu kwa spana haina shida." Muulize yeye anakaa ghorofa ya ngapi, na nani anaishi chini yake.

 Sasa niambie, spana umeirudisha?