Kwa anayeshika ditekta mara ya kwanza huku Mtwara na Lindi

Wengi wanaonunua ditekta, mashine ya kutafutia metali ardhini, huku kusini wananunua kwa sababu ya rupia. Wameambiwa Mjerumani alizika masanduku kabla ya kuvuka Ruvuma, wameambiwa kuna tajiri mjini anayelipa mamilioni kwa rupia moja, na ndoto ya namna hiyo ikishaingia kichwani haitoki kirahisi. Kama na wewe umo, tulimalize hilo kwanza, maana litakutia hasara na pengine litakufikisha polisi.

Rupia ni sarafu ya enzi za Mjerumani, ya madini ya fedha, yenye uzito wa gramu 11.66. Upande mmoja ina kichwa cha Kaisari Wilhelm II aliyevaa kofia yenye tai. Basi. Haina zebaki ndani wala nguvu ya kuvuta kitu chochote. Wanaokusanya sarafu za kale wanaipenda, nao hulipa bei ya sarafu ya kale, si bei ya ghorofa. Zile heller za shaba, ambazo tangu 1904 mia moja zilikuwa rupia moja, zilitengenezwa kwa mamilioni, kwa hiyo ukiokota moja furahi lakini usiache kazi. Mtu akikuletea ramani ya hazina, akataka hela ya mganga, au akasisitiza mchimbe usiku, achana naye siku hiyo hiyo. Nimeona watu wakiuza mbuzi, kisha shamba la mikorosho, kufuata masanduku hayo. Sanduku sijaliona.

Ukishaliweka hilo pembeni, inabaki burudani nzuri sana, ya kutembea, kusikiliza na kujua ardhi yako.

Ditekta haijui dhahabu, inajua metali tu. Koili, ile sahani iliyo mwisho wa fimbo, inapeleka nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikuta kitu kinachopitisha umeme, kitu nacho kinatoa sumaku yake ndogo, koili inaipokea, na mashine inapima jibu limekuja namna gani halafu inakupa mlio na namba. Kanuni ni hiyo hiyo aliyoitumia Alexander Graham Bell mwaka 1881 alipojaribu kuitafuta risasi mwilini mwa Rais Garfield wa Marekani. Alishindwa, na springi za kitanda alicholalia mgonjwa zinatajwa kuwa sababu mojawapo. Kwa hiyo simu yako iwe mbali na koili, viatu visiwe na chuma puani, na jembe dogo ulishike mkono mwingine.

Namba inayoonekana kwenye kioo ni dokezo tu. Pete nyembamba ya dhahabu inasoma karibu sawa na kile kipete cha kufungulia kopo la bia, au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Wageni wengi huchoka na takataka, wakaiambia mashine inyamaze ikikutana nazo. Hapo wameinyamazisha na kwa pete. Sarafu yetu ya shilingi 500 nayo ni chuma kilichopakwa nikeli, ukikataa chuma chote unaikanyaga na kuipita. Ushauri wangu kwa miezi ya mwanzo: usichuje chochote, chimba kila mlio. Utajaza mfuko vizibo na misumari, lakini masikio yatajifunza, na mfuko huo ukiutupa jalalani ufuko umebaki safi kuliko ulivyoukuta.

Anzia ufukweni, kwenye mchanga mkavu wa juu. Kwa walio Mtwara, Shangani asubuhi ya Jumatatu, baada ya watu wa wikendi kuondoka, ni darasa zuri kabisa, na kwa walio Lindi ufuko wa mjini unafaa vilevile. Mchanga unachimbika, shimo linafukika, na ulichokipata mara nyingi kina mwenyewe aliye hai. Mchanga uliolowa maji ya chumvi ni habari nyingine, kwa sababu chumvi inapitisha umeme na mashine ya masafa mamoja, yaani inayotuma mawimbi ya aina moja tu, italia ovyo kana kwamba kuna metali kila mahali. Punguza usikivu wake, kisha uirekebishe upya kwa ardhi ukiwa umesimama pale pale penye maji. Isipotulia, rudi juu. Zipo mashine za masafa mengi na za mapigo (zinazotuma nguvu kwa vipigo vifupi vifupi) zinazostahimili chumvi, ila ni ghali, na sioni sababu ya mgeni kuanza nazo.

Jifunze maji kama wavuvi wanavyoyajua. Wakati wa bamvua, mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji hupwa mbali na kuacha wazi sehemu ambazo siku za maji mafu huzifikii. Yafuate yanavyotoka, na yakigeuka geuka nayo. Kusi ikivuma kwa nguvu mchanga mwepesi huhama, vitu vizito hubaki vimekusanyika kwenye vifereji na chini ya kingo zilizoliwa na mawimbi. Humo ndimo pa kupita taratibu.

Taratibu ndiyo siri yenyewe. Koili iwe sambamba na ardhi, karibu bila kugusa, na kila mpito ufunike nusu ya mpito uliotangulia. Mlio ukija, usichimbe bado. Zunguka robo duara, pitisha tena ukitokea upande mwingine. Sarafu na pete zinalia sawasawa pande zote mbili. Msumari mara nyingi unalia vizuri upande mmoja na kukatika upande wa pili. Chimba pembeni kidogo ya mlio, si katikati, usije ukaikwaruza pete ya mtu kwa koleo. Mchanga uliotoa ukague kwanza, shimo baadaye, kisha fukia. Kila shimo. Watoto wanakimbia hapo.

Dada mmoja alipoteza pete ya ndoa Shangani akaja analia. Kabla ya kuwasha mashine tulikaa tukaulizana. Mkeka ulitandikwa wapi, nani alikaa upande gani, mikono ililowa lini. Akakumbuka alimmenyea mtoto embe, akainuka kwenda kunawa. Tulipita kati ya mkeka ulipokuwa na maji, na mlio ukaja kwenye njia hiyo hiyo, mfupi, laini, kina cha kiganja tu. Maswali yalifanya kazi kubwa kuliko mashine, na tangu hapo mtu akiniita kutafuta kitu naanza hivyo.

Bara ni kugumu zaidi. Udongo mwekundu wa uwanda wa Makonde una chuma kingi na mashine inakuwa na kigugumizi. Nachingwea nako vyuma vimetapakaa tangu mradi wa karanga wa Waingereza wa 1947 hadi 1951 na ile reli ya kutoka Mtwara iliyofungwa 1962. Tumia koili ndogo na uwe na subira.

Sasa sehemu za kutokwenda, na hapa sina mzaha. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ni urithi wa dunia tangu 1981. Humo, kwenye magofu ya Mikindani, misikiti ya kale na makaburi popote yalipo, ditekta ibaki kwenye begi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza kuchimbua vitu vya kale bila leseni, na kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinahesabiwa kuwa cha kale. Lakini hata sheria isingekuwepo ningekuomba uache. Mwaka 1944 askari mmoja wa Australia, Maurie Isenberg, aliokota sarafu za shaba za Kilwa kwenye Visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi yake. Sarafu za kwetu, zimefika kule! Aliweka alama kwenye ramani, lakini hakuna aliyeandika zilikuwa kina gani, na nini kilikuwa kando yake. Mpaka leo wataalamu wanabishana nani alizipeleka na lini. Sarafu wanazo mkononi, jibu hawana, kwa sababu jibu lilikuwa mchangani. Ukikutana na kitu cha namna hiyo kwa bahati, kiache kilivyo, piga picha, andika mahali, toa taarifa kwa ofisi ya mambo ya kale au ya utamaduni ya halmashauri.

Mahiwa, mkoani Lindi, palipiganwa vita vikali kati ya Waingereza na Wajerumani Oktoba 1917. Maganda ya risasi yapo, na wafu wapo. Popote ulipo, ukifukua kitu kirefu cha duara chenye kutu nene, usikigonge, usikivute, usikibebe. Weka alama, ondoka, waambie polisi. Baruti ya kale haipoi kwa sababu imezeeka.

Kwenye mashamba, anza kwa mwenye shamba na mwenyekiti wa kijiji. Eleza unachofanya, onyesha mashine, waache waijaribu. Anayefanya mambo mchana na mbele ya watu hahisiwi kutafuta rupia. Usiingie wakati wa kuokota korosho, wala usikate mizizi ya mkorosho kwa ajili ya mlio. Msimbati iko ndani ya hifadhi ya bahari, uliza wahusika kwanza. Na kama unachotaka ni dhahabu ya ardhini, hayo ni madini, yana Sheria yake ya 2010 na leseni yake.

Ukirudi nyumbani, suuza koili na fimbo kwa maji baridi yasiyo na chumvi, toa betri, kausha kivulini. Sarafu ya shaba nayo ioshe kwa maji tu. Ndimu na majivu vitaing'arisha, ila vitakula maandishi pamoja na ule utando wa miaka mingi, na maandishi na utando huo ndivyo vitu ambavyo mkusanyaji na mtu wa makumbusho huvitazama kwanza.