Re: Sungura mzee anadondosha chakula, kidevu kimelowa

Pole dada. Sungura wa miaka saba anayenusa karoti kisha kuiacha, huku mate yakimtoka, mimi ningeshuku magego. Meno ya sungura hayaachi kuota. Yasiposagika vizuri, magego hutoa ncha zinazochoma ulimi na mashavu. Wangu hapa Uyole, Mbeya, alikuwa hivyohivyo, manyoya ya kidevu yameshikana kama yamepakwa gundi.

Usimkate meno kwa koleo (jirani alinishauri hivyo, nikakataa), jino hupasuka hadi kwenye mzizi. Tafuta daktari wa mifugo atakayemlaza usingizi ayasage. Akimaliza nusu siku hali wala hanyi, usingoje kesho. Na pumba punguza, mpe nyasi kavu kwa wingi.