Re: Mzee wa miaka 61 na jua la Moshi

Mkuu, umeuliza kama jua la Moshi kwenye mbio za mwishoni mwa Februari litamsumbua mzee wako kuliko wewe wa miaka 27. Kwa kawaida, ndiyo. Umri ukienda, jasho hupungua, damu haifiki kwenye ngozi kwa wingi kama zamani, na kiu huchelewa kuja. Kwa hiyo asisubiri kiu: kila meza ya maji apige mafunda mawili matatu, mengine ajimwagie kichwani. Asiyabugie pia, maji kupita kiasi yana hatari yake.

Ila umri si kila kitu. Doha 2019, mashindano ya dunia ya riadha, wanawake wa marathoni waliondoka karibu saa sita usiku na bado joto lilizidi nyuzi 30. Walianza 68, wakamaliza 40. Ruth Chepngetich wa Kenya akashinda akiwa na miaka 25, lakini Helalia Johannes wa Namibia, miaka 39, alichukua shaba, na Edna Kiplagat, naye 39, akawa wa nne! Walijua kujibana mwanzoni.

Wewe kijana ndiye nakuhofia, utatoka mbio kilomita tano za kwanza. Mzee anameza dawa za presha? Basi daktari kwanza.